Kuku Aliyerithi Shamba la Teh Iis

Keki waliyoniagia nayo pale dobi iliandikwa "Mona Shah". Mimi ni Mwanasha. Miaka ishirini na moja nimepiga pasi huku kwa Waarabu, Al Quoz, na siku ya kuondoka wakamuaga mtu mwingine. Niliila hivyo hivyo, krimu haikuwa na kosa lolote.

Nyinyi wasichana wa meza ya pasi mlicheka mpaka mkashika mbavu, kisha mkaniambia, "Andika basi, Mama Sha, utuachie kitu." Haya, naandika. Niko Satwa, chumbani kwa mpwa wangu fundi nguo, daftari nimeliweka juu ya cherehani yake. Shule niliiacha darasa la tano, kwa hiyo mkikuta neno limekunjamana, linyosheni wenyewe, kazi hiyo mnaijua. Na majina nitayataja. Aliyetaka lake lisitajwe angekaa na adabu zake.

Naanza na Bakari, wakala wa Likoni. Alikuja kwetu Kwale na viatu vinavyong'aa akasema, "Utafanya kazi ya hoteli, dada." Sikatai, hakusema uongo. Nilifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Hoteli zenyewe nimeziona kwa dirisha la basi la kampuni, asubuhi tukitoka kambini kwetu Muhaisnah, jioni tukirudi, kama mtu anayepita nje ya arusi.

Siku ya kwanza msimamizi wetu Anwar, yule mwenye tumbo linalomtangulia, alinionyesha kidole akanguruma, "Wewe mpya! Kalenda! Yalla!" Nikatazama ukutani. Kweli ilikuwepo kalenda, ina picha ya msikiti. Nikaenda nikasimama mbele yake. Nikaisoma miezi yote. Anwar alidhani naomba dua akaniacha kidogo, halafu akaanza kupiga kelele. Ndipo mkono mmoja mwembamba ukanishika kiwiko na kunigeuza taratibu.

Kalenda, wanangu, ndiyo ile mashine yenye magogo mawili ya chuma yenye moto ndani. Nyinyi mnaijua. Shuka linaingia limekunjamana, linatoka limenyooka. Mwenye mkono ule mwembamba alikunja mkono wa nguo yake akanionyesha kovu refu kuanzia kifundoni hadi karibu na kiwiko. "Mkono pia," akasema, "unatoka umenyooka."

Huyo ndiye Iis, mwalimu wangu. Alikuwa mwanamke wa Indonesia, mfupi, mkavu, amenizidi kama miaka kumi, mwenye sauti ya kunong'ona hata akikutukana. Jina linatamkwa Iis, kama mtu anayeungua pasi. Wenzake wa kwao wakimwita "Teh Iis!", wengine "Teh!" tu. Mimi wiki nzima kila nikisikia "Teh!" nilidhani anaagizwa chai, na chai kwao kweli huitwa teh, basi nikawa namletea kikombe. Siku ya saba akaniuliza kwa Kiarabu chetu cha dobi, "Wewe una nini na mimi? Unataka nikojoe mpaka asubuhi?" Nikamweleza. Alicheka akakaa chini kwenye kapu la mataulo. Kumbe Teh ni dada mkubwa. Tangu siku hiyo nikamwita Teh na mimi, na chai nikaacha.

Aliyonifundisha mengi bado mnayafanya bila kujua yametoka kwake. Kandura, ile kanzu yao ya kiume, anza na kola, upande wa ndani, toka nchani kwenda katikati, la sivyo kunyanzi hukimbilia mbele mahali bwana harusi anapotazamwa. Joho lenye uzi wa dhahabu usiliguse na pasi tupu, tandika kitambaa cha pamba juu yake. Pasi ikianza kutema maji ya kahawia, isimamishe, usiombe Mungu. Na Anwar akienda kuzungumza kwa simu, kaa. Usingoje uchoke ndipo ukae, kaa kwa akiba.

Lakini kazi iliyotukutanisha ilikuwa kukunja. Shuka la kitanda kikubwa hukunjwa na watu wawili. Mnashika pembe, mnakutana, mnaachana, mnakutana tena. Basi kijiji cha Teh Iis nilikisikia hivyo, sentensi moja kwa kila shuka. Kwa muda ule tuliokunja pamoja, nakijua kijiji kile kuliko mtaa huu ninaokaa.

Kiko mlimani, Java upande wa magharibi. Mashamba ya mpunga yamechongwa ngazi ngazi, na maji yanateremka kutoka shamba la mmoja kwenda la mwingine, kwa hiyo uroho wa jirani yako unaujua kwa saa ambayo maji yanakufikia. Nyumba ni za mbao, kuta za mianzi iliyosukwa, na hazikuchimbiwa chini. Zimekaa juu ya mawe, kila nguzo na jiwe lake, kama mtu aliyesimama juu ya visigino. Nyuma ya nyumba kuna bwawa la samaki, na juu ya bwawa kuna choo.

"Juu ya bwawa?" nikauliza tulipokutana kwenye pembe.

"Juu."

Shuka lingine. "Na samaki hao mnawala?"

"Wanatula sisi kwanza," akasema.

Mama yake alipokuwa hai alimpa Iis kiwanja cha nyumba na shamba la mpunga la ngazi tatu. Kaka yake Dadang alikwisha kupewa sehemu yake, upande wa pili. Mpaka wao ulikuwa mimea ya majani mekundu, ndivyo wanavyoweka mipaka kule. Kila Iis akienda likizo alikuta mstari wa majani mekundu umesogea hatua moja kuingia kwake.

"Mimea ya kwenu ina miguu?" nikamuuliza.

"Ina miguu ya Dadang."

Nyumba ya mama ilikuwa imeoza. Iis ndiye aliyeisimamisha upya, mbao za mti mgumu, sakafu, kibaraza, madirisha ya kioo. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto. Alikuwa na nyumba ile, na nia moja tu, kwamba siku moja atakaa kwenye kibaraza chake na hakuna mtu atakayemwambia yalla. Tukikunja mashuka alikuwa akiipanga. Kiti kitakaa hapa. Mtungi pale. Mimi nilikuwa nikijenga yangu Kwale wakati huo, juu ya ardhi ya baba, chini ya usimamizi wa ndugu yangu Hamisi, basi tulikuwa tunajenga vijiji viwili juu ya shuka moja.

Sasa njooni kwenye kosa.

Teh Iis hakujua kusoma. Nilifanya naye kazi miaka mitano kabla ya kuligundua hilo, alivyokuwa hodari wa kulificha. Alikuwa amekariri rangi za lebo na mpangilio wa namba. Karatasi za nyumbani zikija, hakuwapa watu wa kwao wamsomee, kwa sababu hasa ya Asep, dereva wa gari letu la mashuka. Asep alikuwa kijana wa kijiji cha jirani yao, na mama yake na mke wa Dadang walikuwa wakiuza vitunguu kwenye benchi moja sokoni. Neno likiingia sikio la Asep, kesho lina bei ya vitunguu.

Mimi nilijua herufi. Lugha yao sikuijua, lakini wanaandika kwa a-b-ch hizi hizi zetu. Basi tukabuni njia. Mimi nasoma kwa sauti nisichokielewa, yeye anasikiliza asichoweza kukisoma. Mdomo wangu, masikio yake. Tulikuwa tukijificha nyuma ya makapu wakati wa chakula, na wallahi ilifanya kazi. Nilimsomea barua za shangazi yake, nilimsomea habari za msiba, nilimsomea hata karatasi ya dawa ya minyoo.

Tena nikaanza kujifanya bingwa, maana maneno yao mengine ni ndugu wa yetu. Wakati wanasema waktu. Sabuni ni sabun. Haki ni hak, hiba ni hibah, na mrithi ni waris. Nikikuta moja nilikuwa namweleza maana yake, mtu na lugha yake, na yeye kwa heshima ananiacha.

Kisha mwaka mmoja mama yake alifariki. Miezi michache baadaye Dadang akaleta ujumbe wa sauti, mpole kama mafuta. Alisema ni mambo ya kodi ya ardhi tu, karatasi moja ya ofisi ya kijiji, aweke dole gumba airudishe na mtu anayekwenda likizo. Picha ya karatasi ikaja, tukaichapisha duka la Satwa. Tukaenda nyuma ya makapu.

Nikasoma. Jina la Iis lilikuwepo mara tatu. Nikaliona neno hibah, nikampiga bega. "Teh! Hiba! Wanaandika kwamba mama alikupa hiba!"

"Mama alinipa, ndiyo," akasema, macho yamejaa maji. "Endelea."

Nikafika pale palipoandikwa kwamba kiwanja na shamba vinatolewa hiba kwa *cucu almarhumah*. Sasa mimi, msomi wa darasa la tano, nilipoona ile herufi ya c peke yake bila h yake, niliisoma k. Nani kaniambia? Hakuna. Ndivyo nilivyoona Waingereza wanafanya. Nikasoma kwa sauti ya msikitini: "Kuku almarhumah."

Tukatazamana.

"Kuku wa marehemu," nikasema. "Mama yako alifuga kuku, Teh?"

"Alifuga wawili. Lakini kwetu kuku si ndege. Kuku ni huu," akanionyesha ukucha wa kidole gumba. Akafikiri. "Ukucha wa marehemu. Ah! Ni dole gumba la mama, lile aliloweka zamani kwenye kitabu cha kijiji. Sasa wanataka na langu."

Ikaingia akilini. Ukucha wa marehemu, ukucha wa mrithi. Nikasoma mbele, likafuata jina refu la mwanamume. "Huyo?" nikamuuliza. "Simjui, ni karani," akasema. Tukacheka kidogo habari ya kuku. Nilimpaka wino mimi mwenyewe, wino wa kuandikia lebo za nguo, ule usiotoka kwa sabuni wala kwa dawa ya madoa. Dole likakaa pale, zuri, jeusi, kila mstari unaonekana.

Ilipita nusu mwaka. Asep akaenda likizo, akarudi. Alikuwa anashusha makapu mlangoni akasema kwa sauti ya kila siku, "Teh Iis una moyo. Mimi nisingempa Ujang shamba lote."

"Ujang yupi?"

"Mtoto wa Dadang. Si umempa hiba? Amekwisha kung'oa mimea ya mpaka. Wanasema mwezi wa mavuno wataivunja nyumba, wajenge ya saruji."

Teh Iis alikwenda kwenye kabati lake, akarudi na nakala ya karatasi, akampa Asep mbele ya watu wote. Miaka yote ya kuficha akaimaliza kwa hatua kumi. "Soma," akamwambia. "Mimi sijui kusoma."

Asep akasoma. Alipofika pale akatamka wazi, "Chuchu almarhumah."

Nikaruka. "We Asep! Chuchu? Chuchu za mama wa watu? Hebu shika adabu yako, unasomea watu wazima!"

Aliduwaa. Wasichana wa Kenya waliokuwa kwenye pasi walishachanganyikiwa kwa kicheko, yeye hajui alichosema. "Ni *chuchu*," akarudia maskini, uso mwekundu. "C yetu inasomwa ch. Mtoto wa mtoto. Mjukuu. Anapewa mjukuu wa marehemu, na jina lake kamili hili hapa. Ujang tunamwita tu."

Kicheko kikaisha kimoja kimoja. Nakumbuka Teh Iis alinitazama. Hakunilaumu, na laiti angenilaumu. Alitazama dole gumba lake, akalisugua kwenye nguo, kana kwamba wino bado upo.

Basi nayaandika majina. Bakari nimekwisha mtaja. Dadang, aliyempa dada yake karatasi akijua hajui kusoma. Ujang, aliyepokea akanyamaza. Na wa nne ni Mwanasha wa meza ya pasi, aliyejifanya mkalimani wa lugha asiyoijua na kumpaka mtu wino kwa mkono wake. Anwar zamu yake inakuja.

Siku tatu sikula vizuri. Ya nne nilimwambia Asep aniandikie pembeni jina la kila kitu kilichotajwa kwenye ile karatasi. Shamba lipo. Ardhi ya kiwanja ipo. Nikatafuta nyumba, *rumah*. Juu mpaka chini, mbele na nyuma. Haipo.

Kwetu pwani, kama hamkuambiwa na mama zenu, ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na minazi iliyo juu yake ya mwingine. Shamba ni la Ali, minazi ni ya Fatuma, na Fatuma akija kuangua nazi Ali hana la kusema. Nikamwendea Teh Iis, tukashika pembe za shuka.

"Teh, ardhi imekwenda. Lakini nyumba haikuandikwa. Nyumba si ardhi."

"Najua si ardhi," akasema.

Tukaachana, tukakutana.

"Ile nyumba imechimbiwa chini?"

Alisimama na pembe zake mkononi. Nyuma yetu kalenda inatema mashuka, yanarundikana sakafuni. "Imekaa juu ya mawe," akasema polepole. "Zamani watu walikuwa wanahama nazo." Halafu yule mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, akapaza. "Shangazi yangu ana kiwanja ng'ambo ya mfereji!"

Alikwenda kwa Anwar siku hiyo hiyo kuomba kuondoka. Anwar akasema hoteli zimejaa, hakuna likizo, na pasipoti iko salama kwenye droo yake, ambako haikutakiwa kuwa na yeye alilijua hilo. "Baada ya msimu, inshallah," akasema. Mnaijua inshallah ya Anwar, ile isiyokuwa na Mungu ndani.

Nikarudi mezani nikaisimamisha pasi yangu kwa kisigino. Sikuhutubia. Aliyekuwa karibu nami akasimamisha yake. Tulikuwa wanane, pasi nane zikasimama zikifoka mvuke kama paka waliokasirishwa, na kalenda nikaizima mwenyewe. Anwar akatoka. "Yalla! Yalla, nini hii?"

"Pasi zinatema maji ya kahawia," nikamwambia. "Tumezisimamisha."

"Zote?"

"Zote, sir. Na dawa yake iko kwenye droo yako."

Mashuka ya hoteli mbili yalikuwa sakafuni. Alitutazama, akayatazama mashuka, akatoa funguo. Teh Iis aliondoka wiki ile ile. Uwanja wa ndege alinikumbatia akaninong'oneza sikioni, "Wewe usisome kitu tena bila Asep."

Kabla ya mwezi wa mavuno video ikaja kwenye simu ya Asep. Tuliitazama wote, tumerundikana mlangoni kwa gari. Nyumba ya Teh Iis inatembea. Nzima, na paa lake na madirisha yake ya kioo. Wamepitisha mianzi mirefu chini ya sakafu, wanaume kama arobaini wameibeba mabegani, wengine mbele wanaimba hesabu ya hatua, na yeye Teh Iis anakwenda pembeni na fimbo, kwa mara ya kwanza maishani yeye ndiye anayesema yalla. Wanashuka mferejini, maji magotini, wanapanda ng'ambo. Pazia moja linapepea dirishani.

Mwishoni aliyeshika simu aligeuka nyuma. Dadang amesimama kiwanjani. Amebakiwa na mawe kumi na sita yaliyopangwa vizuri, na bwawa. Choo kilikuwa kimeshikamana na jiko, kwa hiyo nacho kimehama. Samaki walikuwa wametoa vichwa juu ya maji, wanangoja.

Tulicheka siku mbili. Lakini msinisikie vibaya, Teh Iis hakushinda. Shamba la mpunga halibebeki kwa mianzi. Leo anavuna mpunga wa watu kwa kupewa fungu, mwanamke wa miaka sitini na kitu ameinama kwenye ngazi zilizokuwa zake, na zile ngazi nilizipoteza mimi, kwa herufi moja. Jioni anakaa kwenye kibaraza chake. Kiti kiko pale alipokipanga. Hunitumia ujumbe wa sauti, na humo huwa ananiita Kuku.

Na mimi sasa nimestaafu, kiwanja cha Kwale mnakijua. Wiki iliyopita Hamisi, ndugu yangu wa tumbo moja, amenitumia karatasi. Sauti yake ilikuwa ya chini, laini. "Dada, weka sahihi tu, ni mambo ya kodi ya ardhi." Maneno yale yale, utadhani yeye na Dadang wamehitimu chuo kimoja.

Nyumba yangu ni ya matofali. Nilisema isimame, isitikisike, nikamwambia fundi azike nguzo futi nne. Alizika. Watu arobaini na mianzi yao hawataisogeza hata kidole.

Karatasi ni kurasa sita, Kiingereza kitupu. Iko hapa juu ya cherehani, chini ya mkasi isipeperuke. Mpwa wangu ana kidato cha nne, ananiambia, "Shangazi, lete nikusomee, dakika mbili." Nitampa. Lakini kwanza naipita mwenyewe, herufi kwa herufi, kalamu mkono wa kulia, mkono wa kushoto nimeukalia pamoja na dole gumba lake. Niko ukurasa wa tatu.

Namtafuta kuku.